Mshono Usio na Uzi

Ndala ya kulia ya Kitinda ilichomoka mguuni akiwa katikati ya ngazi, ikabaki palepale, na mwenyewe akaendelea kupanda kama hakuna kilichotokea. Akaingia ndani mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu. Akaweka mfuko wa mboga mezani, akafungua bomba, akanawa mikono huku akiimba kwa pua.

Mama yake alikuwa mlangoni na ungo mapajani, anachambua mchele. Mkono wake ukasimama.

"Ndala yako iko wapi?"

Kitinda akatazama chini. "Si hii hapa."

"Hiyo ni moja. Nyingine."

Msichana akautazama mguu mtupu kama mgeni aliyekuja bila kubisha hodi. Kisha akacheka. "Mama, nimesimama kutwa nzima. Miguu imekufa ganzi tu."

Mama hakucheka. Ngazi ile ilikuwa ya saruji, iko nje, imepigwa na jua tangu asubuhi. Kuku wa jirani walikuwa wanaikwepa. Mtu mwenye mguu mzima angerukaruka kama punje ya bisi.

Akainuka, akaenda kuiokota ndala. Saruji ilimuunguza hata yeye, na nyayo zake zina magamba ya miaka. Alisimama pale ngazini na ndala mkononi, na hofu ikamwingia kimyakimya, kama maji yanavyoingia chini ya mlango.

Lakini tuanzie mbali kidogo, maana ugonjwa huu una ukoo wake.

Kiwanda alichofanya kazi Kitinda kinatengeneza viatu vya kila aina, ila kilichokipa jina ni raba moja tu, inaitwa Mshale. Mama yake aliingia pale akiwa msichana mbichi, akapewa uzi, nta na msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu, na kabla mwaka haujaisha watu wakasahau jina lake. Akawa Bi Sindano. Hadi leo sokoni wanamwita hivyo, hata wauza nyanya ambao hawajawahi kuona mlango wa kiwanda.

Mshale wa kwanza ulikuwa wa turubai jeupe, na ubavuni mshale mwekundu wa kitambaa. Soli yake ilikuwa mpira bapa kama ulimi wa ng'ombe, na ilishonwa kuzunguka pande zote kwa uzi mnene uliopakwa nta. Mkono ndio uliofanya kazi. Gundi ilikuwapo, lakini ilikuwa mtumishi tu, kazi yake kuishika soli isicheze wakati inashonwa, kama unavyomshika mtoto achomwe sindano ya zahanati. Gundi yenyewe ilikuwa maziwa ya mpira, meupe, yananuka mkojo wa juzi. Ukipaka, unasubiri. Ukiwahi, soli inateleza. Ukichelewa, haishiki. Sasa wale wasichana waliokuwa mabenchi ya mbele walijua namna moja ya kupima, nayo ni kuinamisha pua juu ya kiatu. Harufu ya mkojo ikikata, weka soli. Hapakuwa na pua kama ya Bi Sindano. Walikuwa wanamletea viatu vyao anuse, wanamtania, "Mpeni mbwa wetu kazi," naye ananusa, anasema bado, au anasema tayari, na hakosei.

Raba ile haikuwa na mwisho. Mtoto aliivaa ikambana, ikaenda kwa mdogo wake, turubai likatoboka mpaka vidole vikachungulia, na soli bado imeng'ang'ania kama kupe.

Labda ndiyo maana wenye kiwanda walichoka nayo. Kiatu kisichokufa hakiuzwi mara mbili.

Mimba ya kwanza ya Bi Sindano ilimkuta kwenye Mshale wa pili. Huo ulikuja na rangi, bluu na njano na kijani, na mbele ukavishwa kofia ya mpira kwenye vidole. Vijana waliugombania. Mshono ulibaki mbele na kisigino tu. Ubavuni kukawa gundi. Mimba ya pili ikamkuta kwenye Mshale wa tatu, wenye shingo ndefu inayofunika kifundo, ngozi ya plastiki, sponji ndani, na soli imevimba kama mkate uliozidishwa hamira. Mshono ukabaki kwenye ncha, kidogo, kama ndevu za mzee mwenye kidevu kikavu. Kitinda, wa mwisho, alizaliwa wakati wa Mshale wa nne. Huo ulikuwa wa nyavu, mwepesi, unaweza kuurusha ukapeperuka, na kwenye soli kuna kidirisha cha plastiki unaona hewa imefungiwa ndani. Mshono kwenye soli, hakuna hata mmoja. Kila Mshale mpya ulizaliwa umepungukiwa uzi na kuongezewa gundi, mpaka uzi ukaisha.

Siku moja akapita mtu na gunia, akakusanya misharasi yote mezani. Washonaji wengine wakarudishwa nyumbani. Bi Sindano akapelekwa chumba cha kufungia maboksi, upande wa pili wa uwanja, na huko ndiko alikokaa mpaka nywele zikawa kijivu na mgongo ukaomba likizo ya kudumu. Gundi mpya hakuwahi kuishika. Aliisikia tu kwa mbali, upepo ukigeuka, harufu tamu kama rangi ya kucha, akasema moyoni afadhali, siku hizi gundi hainuki mkojo.

Kitinda aliajiriwa mama yake alipoacha. Akapewa benchi la gundi.

Halafu dunia ikageuka kama inavyogeuka. Vijana wakaanza kuutafuta Mshale wa kwanza mitumbani, ule wa turubai, wanavaa umechakaa na wanajipiga picha. Wenye kiwanda wakasikia. Wakatangaza watautoa upya, uitwe Mshale wa Asili, uzinduliwe siku ya sherehe ya kiwanda. Na kazi ya kuuchora akapewa Mchoraji, kijana mpole mwenye vidole virefu, anayeongea chinichini kama yuko kwenye chumba cha mgonjwa.

Mchoraji akamtuma Kitinda amlete mama yake.

Bi Sindano alivaa gauni lake la harusini. Akakalishwa kwenye kiti chenye magurudumu, akaletewa chai, akaletewa msharasi uliotolewa kwenye kabati la vioo pale mlangoni, ambako Mishale yote minne imepangwa kama picha za ukoo.

"Mama, naomba ushone soli moja, taratibu, nipige picha," akasema Mchoraji.

"Nikishona taratibu uzi unalegea, mwanangu."

"Basi shona unavyojua. Mimi nitakimbizana na wewe."

Akashona. Mikono haikusahau kitu. Mchoraji akapiga picha, akapima kila tundu kwa rula ndogo, akauliza mbona pale kisigino mishono inapinda kidogo. Bi Sindano akamwambia pale ndipo mtu anapobadilisha mkono, na kila mshonaji hupinda kivyake. Kijana akafurahi kama mtoto aliyeokota sarafu.

Baadaye alimwonyesha alichotengeneza. Ulikuwa ukanda wa mpira, mrefu, mwembamba, na juu yake mishono imechongwa kwa kalibu na kupakwa rangi ya uzi wa nta. Hata ule mpindo wa kisigino ulikuwapo.

"Huu ni mkono wako, mama. Kila kiatu kitabeba mkono wako."

Bi Sindano akaupitisha ukanda vidoleni. "Na uzi?"

"Uzi hauhitajiki tena. Ni sura tu."

"Sasa soli itashikwa na nini?"

"Gundi."

Akacheka, kijana naye akacheka, na Bi Sindano akarudi nyumbani kichwa kiko juu. Alimsimulia muuza nyanya, akamsimulia fundi cherehani, akamsimulia mama mwenye nyumba. Mshono wake umerudi. Ni nani katika mtaa mzima alikuwa na kitu chake kilichorudi?

Sasa ukanda ule ulikuwa na shida zake. Ili ushike ubavuni, ulitaka gundi mara tatu, paka, subiri, paka, subiri, paka. Na bado ulibanduka. Viatu vya majaribio vilirudi marundo, kanda zinaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbia. Msimamizi wa benchi, ambaye wasichana walimwita Kengele kwa sababu hakuacha kulia, akalia zaidi. Kitinda akarudi nyumbani amenuna.

"Leo ametusema mpaka mate yakanirukia. Eti tuna mikono ya kukandia chapati tu."

"Mnapaka vipi?"

"Tunapaka, tunahesabu hadi mia, tunabandika."

"Kuhesabu ndiyo nini? Gundi haijui hesabu," akasema mama yake. "Siku ya mvua itataka mia mbili, siku ya jua itataka hamsini. Shusha pua, mwanangu. Karibu kabisa, kama unanusa kichwa cha mtoto mchanga. Harufu ikikata, bandika."

Kitinda akashusha pua. Kanda zake zikashika. Kengele akazivuta kwa koleo, hazikutoka. Akauliza siri ni nini, akaambiwa, na kuanzia hapo ikawa sheria ya benchi zima: kila msichana na pua yake juu ya kiatu, mara tatu kwa kila upande. Madirisha yalifungwa ili vumbi lisiingie kwenye gundi mbichi, na feni ilizimwa ili gundi isikauke kabla ya wakati. Kitinda akaambiwa Mshale wa Asili ukizinduliwa, atakuwa kiongozi wa benchi.

Ndipo ndala ikabaki ngazini.

Baada ya siku ile Bi Sindano alianza kumtazama mtoto wake kama mtu anayetazama chungu kilicho jikoni. Aliona vidole vya mguu vinakwaruza sakafu akitembea. Aliona anapanda ngazi kwa kunyanyua goti juu, kama anavuka dimbwi. Aliona vifungo vya blauzi vinamshinda, na Kitinda anajifanya blauzi ile ameichoka.

"Twende hospitali."

"Nitakwenda sherehe ikipita."

"Sherehe ya nani? Wewe ndiye bibi harusi?"

"Mama, nikikosa sasa, hiyo nafasi anapewa mwingine."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Kitinda alikubali shingo upande, na njiani kote alitembea mbele, haraka, ili aonyeshe kuwa anaweza. Alijikwaa mara kadhaa. Mama yake alijifanya hakuona.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alichukua kidude cha chuma chenye pembe mbili, akakigonga mezani, kikaanza kutetemeka na kuvuma, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu wa Kitinda.

"Niambie kikiacha kutetemeka."

"Kimeacha."

Daktari akamtazama mama. Kidude kilikuwa bado kinavuma, hata Bi Sindano alikisikia kutoka alipokaa. Kikapandishwa kifundoni. "Kimeacha." Kikapandishwa chini ya goti. Hapo Kitinda akashtuka kidogo.

"Unafanya kazi gani, binti?"

Akaambiwa. Daktari akavua miwani. Akasema ile gundi ina maji ya kuiyeyusha, na yale maji ndiyo harufu yenyewe. Yanaruka hewani, yanaingia kwa pumzi, yanakwenda kula mishipa ya fahamu. Yanaanza na iliyo mirefu, ndiyo maana miguu huanza, kisha mikono.

"Usirudi hapo hata kesho. Na nisikilizeni vizuri, hili watu hulisahau. Akiacha, haponi siku hiyo. Atazidi kwanza. Sumu iliyoingia inaendelea na kazi yake wiki nyingi, pengine miezi, ndipo itulie, ndipo arudi polepole. Mkiona anazidi msiseme dawa imeshindwa. Vumilieni."

Bi Sindano alisikia, lakini nusu ya akili yake ilikuwa imekwama mahali pengine.

"Daktari. Na pua ikiwa karibu?"

"Karibu kiasi gani?"

Bi Sindano akainamisha uso wake mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Akabaki hivyo. Daktari alimtazama, kisha akaandika kitu. Kitinda akageukia dirishani.

Walirudi nyumbani. Kesho yake Kitinda alibaki kitandani, na mama yake akaenda kiwandani mwenyewe, kwa miguu, bila gauni la harusini.

Benchi lilikuwa kazini. Vichwa vyote viliinama, pua juu ya viatu, kama watu wanaosali. Harufu ilikuwa tamu, nzito, inakaa ulimini. Bi Sindano akagonga meza kwa ufunguo.

"Wanangu, inueni vichwa. Msinuse hiyo gundi."

Wakainua. Aliyekuwa karibu ni Kicheko, rafiki wa Kitinda tangu shule, msichana anayecheka hata akitozwa faini.

"Bi Sindano, si wewe ndiye uliyetuletea huu mtindo?"

"Nimeuleta, nauondoa."

"Haya, mbwa wetu amestaafu," mwingine akasema, na benchi likaangua kicheko.

"Ile ya zamani ilikuwa maziwa ya mpira," Bi Sindano akasema. "Ilinuka tu. Hii inakula mishipa. Kitinda miguu yake haisikii. Nani hapa miguu inamfa ganzi?"

Mzaha ukapungua. Wawili watatu wakatazama meza. Kengele alikuwa amefika, anafuta mikono kwa tambara.

"Mama yangu," akasema kwa upole, akimshika kiwiko, "wewe ni mkubwa wetu, tunakuheshimu. Lakini unawatia hofu watoto wakati oda inatubana. Tukiinua pua kanda zinabanduka, umesahau? Twende nikupe chai."

Akampa chai. Akampeleka mpaka langoni. Alipogeuka, Bi Sindano aliona kupitia kioo cha dirisha vichwa vimeinama tena, kimoja kimoja.

Kitinda alikaa nyumbani. Na kama daktari alivyosema, akazidi. Miguu ikalegea mpaka magoti. Akawa anatembea kwa kushika ukuta, kisha kwa kushika ukuta na mama. Usiku analalamika kwamba nyayo zinawaka moto, nyayo zilezile zisizosikia saruji ya jua. Vidole vya mkono vikaanza kujikunja. Kila asubuhi Bi Sindano alimkanda kwa maji ya uvuguvugu na kumuuliza, "Leo vipi?" na kila asubuhi jibu lilikuwa lilelile, afadhali jana. Alikuwa anayashika maneno ya daktari kama mtu anayeshika kamba kwenye giza. Atazidi kwanza. Atazidi kwanza. Lakini daktari hakusema mpaka lini, na kamba ikaanza kuteleza mkononi.

Hapo ndipo Kengele alipokuja kumjulia hali. Alikuja na matunda na salamu za benchi. Akakaa, akauliza hali, akatikisa kichwa kwa huruma, na ile huruma ilikuwa ya kweli, hilo lisemwe.

"Tangu umeacha kazi, umepata nafuu?" akamuuliza Kitinda.

"Nimezidi."

"Umezidi." Akasogeza kiti karibu. "Sasa mimi si daktari, mdogo wangu. Ila mtu akiumwa na maharage, akiacha maharage anapona. Wewe gundi umeiacha, ugonjwa ukapanda. Basi inawezekanaje kuwa ni gundi?"

"Daktari alisema angezidi kwanza," Bi Sindano akasema.

"Mama, ni daktari gani anakwambia acha sumu ili uumwe zaidi? Huyo amekisia. Mimi nimekaa na gundi hiyo tangu Mshale wa nne, na si ndiyo hii miguu niliyokuja nayo? Pengine ni damu imepungua. Pengine ni baridi ya sakafu. Na kukaa bure nako kunaua viungo. Sherehe imekaribia, nafasi yake nimeizuia kwa mikono miwili, lakini mikono inachoka. Arudi, nimpe kiti, abandike akiwa amekaa."

Kitinda alimgeukia mama yake. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa mara ya kwanza tangu aache kazi.

"Unasikia, mama?"

Bi Sindano alisikia. Alikuwa na jibu, lipo palepale kwenye ulimi. Lakini chini ya lile jibu kulikuwa na kitu kingine, na mwenye mtoto atakielewa. Kama si gundi, basi si pua. Kama si pua, basi si yeye. Maneno ya Kengele yaliingia kwake kama maji kwenye koo kavu, na kabla hajajua anayanywa, ameyameza.

"Labda ni damu," akasema.

"Ndiyo hivyo, mama."

"Basi aende. Akae kwenye kiti lakini."

Alimvika mwenyewe kesho yake. Alimfunga vifungo, akamfunga kamba za viatu, akamsindikiza hadi gari la kiwanda, na akaona jinsi alivyobebwa kuingizwa ndani, akasema moyoni atachangamka akiona wenzake.

Kitinda alibandika kanda mpaka siku ya sherehe ikakaribia kabisa. Kicheko ndiye aliyesimulia baadaye. Zamu ilipoisha king'ora kikalia, wasichana wakainuka, Kitinda naye akataka kuinuka. Akaweka mikono mezani, akajisukuma. Kiuno kikainuka na miguu haikufuata. Akaanguka ubavu, na kopo la gundi likamfuata, likamwagika kwenye nywele. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kicheko, nishikie miguu yangu, siioni." Na alikuwa anaitazama.

Walikata nywele zile kwa mkasi wa kukatia turubai.

Daktari wa miwani ya plasta hakuwagombeza. Bi Sindano angependa agombeze. Alipima na kidude chake, kifundoni, gotini, kwenye paja, kwenye kiganja, na Kitinda alisema "kimeacha" mpaka sauti ikamkauka. Safari hii daktari hakusema habari ya wiki wala miezi. Alisema wangoje waone, na watafute kiti cha magurudumu.

Mshale wa Asili ukazinduliwa. Ukauzwa kama maji. Mtaani kote vijana walipita na turubai jeupe miguuni, na pembeni mwa soli mshono wa nta wenye mpindo wa kisigino. Bi Sindano akaacha kukaa mlangoni. Akahamishia kiti chake ndani, kando ya Kitinda, anamlisha kwa kijiko. Kitinda hakuwahi kumwambia neno baya. Siku moja tu, mdomo una uji, alisema, "Mama, wewe ulijua nitazidi kwanza." Halafu akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Kicheko alikuja Jumapili. Alikuwa amepewa ile nafasi ya kiongozi wa benchi, na alikuja nayo kwa aibu, kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha mbele, akaanza kumchekesha mgonjwa.

"Kengele siku hizi ana kitambi, akikohoa vifungo vinaomba msamaha."

Kitinda akacheka. Alikuwa bado anaweza kucheka.

Bi Sindano alikuja na chai. Aliona Kicheko anapokea kikombe kwa mikono miwili, anakikumbatia kwa viganja, vidole vimekaa tu pembeni. Akakaa chini karibu yake.

"Hiyo kazi uiache kesho," akasema. "Usingoje."

"Naiacha, mama. Mwezi huu ukiisha."

"Kesho. Na ukiacha utazidi. Nisikilize. Utazidi sana, utaona kama unakufa, na watakuja watu wenye maneno matamu kukwambia si gundi. Usirudi. Hata mimi nikikwambia rudi, usirudi."

"Mimi niko mzima, Bi Sindano. Nachoka tu, kazi imeongezeka. Hamjasikia? Mchoraji ameleta Mshale mwingine, mwekundu wote, na ukanda sasa ni mara mbili, juu na chini, mpana hivi. Anasema vijana wamependa sana ule mshono."

Bi Sindano akanyoosha mkono mkekani, akakishika kidole kidogo cha mguu wa Kicheko kati ya kucha zake mbili. Akakibana. Akakibana kwa nguvu zote za mkono uliosukuma msharasi kwenye mpira ujana wake wote, mpaka damu ikachungulia.

"Na kamba zake nyeusi," Kicheko akaendelea, akimtazama Kitinda, anatabasamu, "yaani ukiuona, utaupenda."